Giza Lililomlipia Shangazi Kodi

Ukiingia chumbani kwa Brashi utajiuliza kimoyomoyo kama kweli huyu ndiye fundi rangi anayesifiwa mtaa mzima. Kuta zake ni nyeusi. Si weusi wa kupakwa, ni ule wa moshi wa jiko, vidole vya mtoto na miaka. Juu ya kitanda unyevu umechora mstari uliopinda kama mto, na Kidege, binti yake, huutembezea kidole akisema anasafiri. Suruali ya kazi ya baba yake imening'inia msumarini ikiwa na madoa ya kila nyumba aliyopata kuipaka: buluu ya zahanati, kijani ya shule, waridi ya yule bibi harusi aliyeikataa rangi mara tatu kisha akairudia ile ya kwanza. Rangi zote za mji zimo humo chumbani, ila zimeishia kwenye suruali.

Watu husema mganga hajigangi. Kinyozi wa chumba cha mbele, ambaye ulimi wake una makali kuliko wembe wake, alikwisha kumwambia, "Brashi, kunguru akiingia kwako hatoki. Itabidi tumtafute kwa kupapasa."

Brashi hucheka kidogo, kisha huitazama mikono yake. Mkewe, Mama Kidege, hacheki. Anajua mumewe si mvivu, na anajua kuna ndoo ya rangi uvunguni mwa kitanda, imefunikwa vizuri na juu yake pamepangwa viatu. Rangi ipo. Kilichopotea ni moyo wa kuipaka, nao ulipotelea chumba cha jirani.

Chumba hicho kilikuwa cha Shangazi.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote katika nyumba ile, na pengine ndiyo sababu akawa wa wote. Alikuwa mshona viraka. Cherehani hakuwa nayo. Alikuwa na sindano, uzi, na kopo la vifungo vilivyookotwa dunia nzima. Kola ikichakaa aliifumua, akaigeuza ndani nje, na mwenye shati akaenda nalo kazini kifua mbele. Asubuhi, Brashi akienda kwenye majengo na Mama Kidege akienda kufagia zahanati, Kidege alibaki kwa Shangazi. Malipo yalikuwa macho.

"Macho yangu yamekwenda likizo, mjukuu wangu," Shangazi alikuwa akisema. "Nikopeshe yako."

Kidege alitunga uzi kwenye sindano moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto kama askari kwenye gwaride. Basi siku ilikuwa imeanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vilivyotazamana, katikati korido, nyuma uani bomba moja la maji. Chumba cha Shangazi kilikuwa cha mwisho. Wakati kinajengwa, dirisha lake lilitazama kiwanja kitupu. Baadaye mtu mwingine akainua ghorofa hapohapo ubavuni, akaacha mwanya ambao kuku angeupita kwa kujikunja. Tangu hapo dirisha likawa linatazamana na ukuta wa kijivu, na mchana wa chumba kile ukawa sawa na jioni ya vyumba vingine. Mpangaji wa kwanza alihama akisema hata mende wa humo wanagongana. Mwenye nyumba akashusha bei, na Shangazi akaingia na kopo lake la vifungo.

"Mimi sikutafuta mwanga," alisema. "Nilitafuta mlango wa kufunga."

Kiangazi chote alishonea koridoni, kigodani, panapofika mwanga wa uani. Lakini mvua zikaanza, bati la korido likavuja, upepo ukawa unaleta maji mpaka mapajani, na Shangazi akahamia ndani. Akaanza kujichoma vidole. Siku moja akashona mguu wa suruali ya mteja ukafungika kabisa. Yule bwana akarudi nayo, akasimama mlangoni akiipunga.

"Mama, hii umenishonea mfuko wa kuwekea viazi?"

Shangazi alicheka naye, akaomba radhi, akaifumua. Lakini Brashi, aliyekuwa amelala upande wa pili wa ukuta akipumzisha mgongo, alisikia jinsi kicheko kile kilivyokatika mara tu yule mtu alipoondoka.

Jumapili iliyofuata akagonga mlango wa Shangazi na ndoo mkononi. Mafundi wa rangi huwa na urithi wao: kazi ikiisha, msimamizi huwaachia mabaki ya chini ya ndoo. Brashi alikuwa na mabaki ya nyeupe ya ofisi, krimu ya duka la dawa, na kijiko cha njano ambacho hakukumbuka kilitoka wapi. Alikuwa ameyachanganya yote.

"Shangazi, toka nje kidogo."

"Nitoke niende wapi? Umenunua nyumba?"

"Nipishe tu mpaka jua lishuke."

Alikwangua ukungu, akaziba nyufa, akapitisha msasa, akapiga mkono wa kwanza, akangoja ukauke, akapiga wa pili. Chumba kikawa cheupe, lakini bado kilikuwa cheupe gizani, kama meno ya mtu aliyefunga mdomo. Brashi akasimama katikati akitazama dirisha. Fundi wa rangi anajua mwanga hauji tu, unarushwa. Na pale ulikuwa unamezwa na ule ukuta wa kijivu wa ghorofa. Akafunga rola kwenye mti wa ufagio, akautoa mkono dirishani mpaka begani, akaupaka ukuta wa watu. Hakuupaka wote. Alipaka kiraka tu, kikubwa kidogo kuliko dirisha.

Hapo chumba kikafumbua macho.

Shangazi alikuja akasimama mlangoni, viatu mkononi. Kisha akasema, "Sasa humu mtu ataona mpaka dhambi zangu." Akaigusa rangi kwa ncha ya kidole, akauliza inaitwaje. Brashi akasema haina jina, ni mchanganyiko.

"Itaitwa maziwa ya jana," Shangazi akasema.

Akaketi karibu na dirisha, akachukua sindano, akalamba uzi, akautunga mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kidege akanuna. "Sasa na mimi kazi yangu?" Watu wakaja mmojammoja kutazama, wakichungulia kama wanavyochungulia mtoto mchanga. Kinyozi akauliza kiingilio ni kiasi gani. Mama Kidege alisimama koridoni na beseni la nguo, akamtazama mumewe kwa jicho alilomtazamia kabla hawajaoana. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema. Brashi hakuwa na pa kwenda. Alikuwa anaishi mlango wa pili.

Mwenye nyumba walimwita Bwana Funguo, kwa sababu alitembea na rundo la funguo kiunoni na mtu alimsikia kabla hajamwona. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuja mwanzo wa mwezi, akasalimia kila mlango, akauliza watoto. Alipofika mwisho wa korido, funguo zikanyamaza.

"Shangazi, hiki ni chumba changu kweli?"

"Ni chako, Bwana. Kimenawa uso tu."

Bwana Funguo akaingia. Akapitisha kiganja ukutani, akainamia dirisha, akatazama nje. Akatoka, funguo zikilia tena, na waliokuwa bombani wakasema afadhali, amefurahi. Baada ya siku chache alirudi na dada mmoja kijana, karani wa ofisi fulani, aliyevaa viatu vya kisigino vilivyolia vizuri sakafuni. Akamwonyesha chumba Shangazi akiwa ndani na nguo za watu mapajani. Yule karani alikuwa na adabu. Alisema, "Samahani, mama," akatazama kuta, akatazama dirisha, akasema, "Pazuri."

Karani alipokwenda zake, Bwana Funguo alibaki. Akamweleza Shangazi kwa upole kwamba kuanzia mwezi ujao kodi itaongezeka, nusu ya ile ya sasa juu yake. Akiweza, abaki, yeye ndiye wa kwanza. Asipoweza, yule dada yuko tayari.

Brashi alisikia, akatoka na sabuni usoni, maana alikuwa ananyoa ndevu.

"Bwana, rangi nimetoa mimi. Kazi nimefanya mimi. Wewe umetoa nini hata bei ipande?"

"Nimetoa ukuta," Bwana Funguo akasema. Hakupandisha sauti. "Mlipoingia tuliambizana, au siyo? Kinachoshika ukutani kinabaki ukutani. Msumari ukipigilia kwangu ni wangu. Ungeniuliza kabla ya kupaka, ningekwambia."

"Huyu mama amekaa humu miaka kwenye giza."

"Na miaka yote hiyo nilimpunguzia kwa sababu ya giza. Nilimwonea huruma? Hapana, sitajisifu. Chumba kilikuwa kibovu, bei ikawa mbovu. Sasa giza liko wapi nimpunguzie?"

"Limehama," Shangazi akajibu kutoka ndani. "Halikuniaga."

Bwana Funguo akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Akaeleza kwamba kodi ya jengo imepanda, bati la korido linamngoja yeye, ana mtoto chuoni. "Mnadhani nyumba inakula hewa? Kila wiki nasimamishwa njiani na watu wanaotafuta chumba. Shangazi, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekuwa wewe ningekuwa na nyumba," Shangazi akasema. "Sijawahi kujaribu, kwa hiyo sijui."

Jioni ile Brashi hakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisugua rangi kavu kwenye kucha. Mama Kidege alimwekea sahani, akaiondoa, akamwekea tena. Shangazi hakuwa amemlaumu hata kwa kukohoa, na hilo ndilo lililomchoma. Angemtukana ingekuwa rahisi.

"Ukuta wa ghorofa si wa Funguo," Brashi akasema ghafla.

"Si wake ndiyo. Kwa hiyo?"

"Mwanga wote unatoka pale. Nikikipaka kile kiraka masizi, giza linarudi. Giza likirudi, bei inarudi. Amesema kwa mdomo wake."

Mama Kidege alimtazama. "Baba Kidege, mtu anayepandisha bei kwa kuona, atashusha kwa kutoona?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaenda kwa Shangazi asubuhi yake. Mwanamke yule alisikiliza sindano ikiwa mdomoni. Akageuka akalitazama dirisha, akalitazama muda mrefu, kama mtu anayesindikiza mgeni mpaka apotee kwenye kona. Kisha akaitoa sindano mdomoni.

"Paka," akasema. "Mimi na giza tunajuana tangu zamani."

Brashi akachanganya masizi ya jiko na oili chafu ya gereji. Alitoa mkono dirishani kama mwanzo, ila safari hii alipaka akiwa ameugeuza uso pembeni. Fundi hufundishwa kung'arisha. Hakuna aliyewahi kumfundisha kufifisha. Chumba kikafumba jicho, na Shangazi akarudi kujichoma vidole, akingoja mwanzo wa mwezi.

Zile funguo ziliposikika, koridoni pakawa kimya. Kila mtu alikuwa na kisingizio cha kusimama mlangoni. Bwana Funguo akafika mwisho.

"Karibu," Shangazi akasema kutoka gizani. "Ila jihadhari na kigoda."

Hakujihadhari. Wakasikia kigoda kikigaragara, wakasikia mtu akivuta pumzi kwa uchungu wa muundi. Brashi, nyuma ya mlango wake, akashika mkono wa mkewe. Kisha ikasikika swichi. Balbu ndogo ya Shangazi ikawaka, na kwa kuwa kuta zilikuwa za maziwa ya jana, balbu ile iliyokuwa ikififia kwenye kuta nyeusi sasa ilijaza chumba mpaka pembeni.

Bwana Funguo akaenda dirishani, akatazama lile doa jeusi. Akaelewa. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ule ukuta si wangu," akasema. "Siwezi kuulizwa habari zake. Changu ni hiki cha ndani, nacho ni cheupe." Akainama akasugua muundi. "Mimi si mtu mbaya, Shangazi."

"Sijasema."

"Najua hujasema. Ndiyo maana nasema mwenyewe."

Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Shangazi akawa na vyote viwili, bei ya mwanga na giza lenyewe, na balbu hakuiwasha mchana kwa kuwa umeme nao una bei yake. Brashi alitaka kupaka tena nyeupe angalau kwa siku zile zilizobaki, Shangazi akakataa. "Acha. Nikizoea kuona nitashindwa kuondoka."

Siku ya kuhama alifanya jambo ambalo Mama Kidege hajalisahau. Vitu vilikuwa vimekwisha pakiwa kwenye mkokoteni, si vingi: kitanda, sanduku, kigoda, kopo la vifungo lililokuwa likilia kila gurudumu likikanyaga jiwe. Shangazi akarudi ndani na kitambaa chenye maji, akafuta alama ya kichwa chake ukutani, pale alipokuwa akiegemea. Akafuta taratibu, asiikwangue rangi.

"Unamfanyia usafi nani?" Mama Kidege akamuuliza, machozi yakiwa karibu.

"Cha kuazima hakisitiri matako, mwanangu. Lakini ukirudishe kikiwa safi."

Kidege alitaka kujua sindano zake nani atazitunga. Shangazi akampa kifungo kimoja, kikubwa, cha koti la mtu aliyekwisha kufa zamani. Mtoto akakitia mfukoni na kushikilia mfuko.

Karani akahamia. Hana ubaya, ni lazima isemwe. Husalimia, huchota maji kwa zamu yake, na mwenyewe analia kwamba nusu ya mshahara wake inaishia kwa Bwana Funguo. Alipoona lile doa jeusi dirishani alishangaa. Akamfuata Brashi, akiwa ameshika pesa tayari mkononi.

"Fundi, naomba unisaidie. Sijui mshenzi gani amepaka huu ukuta."

Brashi angependa kukataa. Lakini mwezi uleule Bwana Funguo alikuwa amepita milango yote akisema ameona vyumba vyake vinaweza kuwa nini, akaongeza kidogo kwa kila mtu, na akamwomba Brashi amtengenezee vyote kwa ujira. Watu walianza kumwangalia Brashi kwa jicho la upembe. Kinyozi alimwambia bila kucheka, "Umetuchorea bei ukutani, ndugu yangu." Na Kidege, kwa kukosa wa kubaki naye, alikuwa akienda zahanati na mama yake, anakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka deki iishe. Amejifunza kukohoa kama wao.

Basi Brashi akazichukua pesa za karani. Akafunga rola kwenye mti wa ufagio. Nyeusi ni ngumu kufutika. Mkono wa kwanza ulitoka kijivu, wa pili ukatoka mchafu, ikabidi wa tatu. Kidege alikuwa mlangoni, mkono mfukoni.

"Baba, Shangazi anarudi?"

"Hapana. Nipe kitambaa."

Chumba kikafumbua macho tena, na karani akapiga makofi.

Kazi ya vyumba vingine Brashi aliikataa. Alisema mgongo unamuuma. Na kwake mwenyewe hakugusa. Mama Kidege alipomwomba apige angalau mkono mmoja, upande wa kitanda cha mtoto tu, unyevu usimkaribie kifua, alitikisa kichwa.

"Ukuta huu ukianza kucheka, Funguo atausikia."

Ndoo ikarudi uvunguni, na viatu vikapangwa juu yake.

Shangazi anakaa ng'ambo ya daraja sasa, nyuma ya stoo ya makaa, chumba kisicho na dirisha kabisa. Wateja wake wa zamani wameshindwa umbali. Brashi humwendea akipata nafasi. Mara ya kwanza alibeba sukari na sabuni, akaingia, na macho yake, kwa mazoea ya kazi, yakaanza kupanda ukutani: hapa pa kuziba, pale pa kukwangua, mlango huu ungepakwa nyeupe kwa ndani ukarusha mwanga mpaka kitandani. Shangazi alimwona.

"Mwanangu," akasema, "ukija kwangu, mikono mfukoni."

Wakacheka wote wawili. Brashi akaitia mikono mfukoni kweli, akakaa hivyo akisikiliza habari za makaa, za panya, za mwenye stoo ambaye ni mtu wa dini lakini amekwisha kuuliza kama Shangazi anatumia maji mengi. Ikafika saa ya kuaga. Shangazi akapapasa kimto, akatoa sindano na uzi.

"Haya, mkono mmoja utoe."

Brashi alijaribu palepale, akashindwa. Wakasogea mlangoni. Akalamba uzi, akaikodolea macho sindano, dole gumba lake likiwa bado na nyeupe pembeni mwa ukucha, akakosea, akakosea tena, mwishowe uzi ukapita. Shangazi akaipokea, akaichomeka kwenye kimto.

"Nitungie na nyingine," akasema. "Kesho huji."